Jenomu "nzima" ya mara 30 inaacha nini nje, na ya mwisho hadi mwisho husomwaje

Swali: "Darasani tulifundishwa kwamba jenomu ya binadamu ilikamilika mwaka 2003. Sasa nasoma kwamba ilikamilika 2022. Ipi ni ipi, na miaka hiyo yote katikati ilikuwa ya nini? Tena, kuna maabara imenipa bei ya kusoma 'jenomu nzima' kwa mara 30. Je, nitapata yote? Kikundi chetu kingependa kusoma jenomu ya mtu wa hapa kwetu kutoka mwisho hadi mwisho. Tuanzie wapi?" — Mwanafunzi wa uzamili wa baioteknolojia, Nairobi

Jibu: Nianze na lile la bei, maana hapo ndipo unaweza kupoteza pesa. Hapana, hutapata yote. Mara 30 maana yake ni kwamba kila herufi ya DNA imepitiwa mara 30 kwa wastani. Jenomu, yaani seti moja ya DNA yote ya binadamu, ina herufi bilioni 3.1 hivi, kwa hiyo mashine hutoa herufi bilioni 93, na kwa kuwa husoma jozi za vipande vya herufi 150, hizo ni jozi kama milioni 310. Wingi huo unatosha kabisa. Kasoro iko kwenye ile 150. Hata ukilipia mara 300, vipande vyako vitabaki vifupi vilevile na sehemu zilizokosekana zitaendelea kukosekana.

Chukua kanga uikate vipande vya upana wa kidole. Kipande chenye herufi za jina utajua kilikaa wapi, na cha mji vilevile. Vya pindo ndivyo vitakushinda: ua ni lilelile pande zote, na hata ukiwa navyo elfu moja huwezi kusema kipi kilitangulia kipi wala ua lilijirudia mara ngapi. Unahitaji kipande kirefu kilichoshika pindo pamoja na mji. Ugumu wa kusoma jenomu hadi mwisho ndio huo, na karibu kila hatua iliyopigwa kuelekea mwisho huo tangu 2003 imekuwa ya kurefusha kipande bila kupoteza usahihi.

Zaidi ya nusu ya jenomu yetu ni marudio ya aina moja au nyingine. Aina iitwayo Alu ina urefu wa herufi 300 tu lakini ina nakala zaidi ya milioni moja. Nyingine, LINE-1, ikiwa kamili ina herufi 6,000. Hizo bado zina nafuu, kwa sababu zimetawanyika na majirani zake ni tofauti. Kazi ngumu iko kwenye sentromia, pale kromosomu inaposhikwa wakati seli inagawanyika. Hapo kuna kipashio cha herufi 171 kiitwacho satelaiti ya alfa, kinachopangwa kimoja baada ya kingine. Kwenye kromosomu X, vipashio 12 hufanya fungu la herufi 2,000 na kidogo, kisha fungu hilo hilo hujirudia hadi safu inafikia herufi milioni 3.1. Ukilinganisha fungu moja na lingine unakuta tofauti chini ya herufi 2 au 3 katika kila 100, na mara nyingi hakuna tofauti yoyote. Halafu kuna mikono mifupi ya kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22, iliyobeba jeni za RNA ya ribosomu, kiwanda cha protini cha seli. Kila nakala ina herufi kama 45,000, na nakala ziko mamia. Mwisho kuna maeneo makubwa yaliyojinakili na kuhamia kwingine, mengine ya herufi laki moja na zaidi, yakiwa na jeni hai ndani yake. Haya ya mwisho ndiyo yanayomhusu mgonjwa moja kwa moja, na nitayarudia.

Sasa hiyo miaka. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulianza 1990. Rasimu iliyotangazwa Juni 2000 na kuchapishwa Februari 2001 ilikuwa na mapengo takriban 150,000. Tangazo la Aprili 2003 lilihusu sehemu zenye jeni nyingi, zile zinazofunguka na kusomeka kwa njia za wakati huo. Makala ya kitaalamu iliyofuata mwaka 2004 ilieleza wazi kwamba mapengo 341 yamebaki, na kwamba asilimia 99 iliyosemwa kuwa imesomwa ni ya sehemu hizo zenye jeni nyingi peke yake. Walimu wako hawakukupotosha. Vitabu ndivyo vilivyoacha sharti hilo.

Mapengo hayo yalitokana na njia yenyewe. DNA ilikatwa vipande vya herufi 150,000 hadi 200,000, vikapandikizwa ndani ya bakteria ili vizaliane, kisha kila kimoja kikasomwa kwa njia ya Sanger, herufi 500 hadi 1,000 kwa mara moja. Bakteria hana subira na DNA inayojirudia: huikata, huifupisha, au hufa nayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sentromia haikuwahi hata kuingia kwenye maktaba ya vipande.

Jambo la pili ni kuchanganya watu. Karibu asilimia 70 ya jenomu rejea, ile ambayo za watu wengine hulinganishwa nayo, ilitoka kwa mchangiaji mmoja, iliyobaki ikatoka kwa wengine. Sasa, mtu mmoja akiwa na nakala 12 za fungu fulani na mwingine 30, ukiunga vipande vyao pamoja unapata kromosomu ambayo hakuna aliyezaliwa nayo. Hata ndani ya mtu mmoja tatizo liko, maana nusu ya baba na nusu ya mama hutofautiana kwa herufi 1 hivi katika kila 1,000. Programu ya kuunganisha huziona tofauti hizo na kushindwa kuamua: haya ni makosa ya mashine, ni nusu mbili za mtu mmoja, au ni nakala mbili za fungu moja? Toleo la jenomu rejea liitwalo GRCh38, la Desemba 2013, ambalo hospitali na maabara nyingi bado zinalitumia, lina takriban herufi milioni 151 zilizoachwa kama N, yaani mahali hapajulikani. Mbaya zaidi, lina nakala za uongo. Jeni CBS ya kromosomu 21, ambayo mabadiliko yake husababisha ugonjwa wa kurithi wa homosistinuria, imewekwa humo mara mbili. Kipande cha mgonjwa hukubaliana na mahali pote pawili sawasawa, programu hukipa alama 0 ya uhakika, kichujio hukitupa, na badiliko linapotea bila onyo lolote kwenye ripoti. Kosa la aina hii ni hatari kuliko pengo, kwa sababu pengo angalau unaliona.

Kundi la watafiti la Telomere-to-Telomere (ncha hadi ncha), au T2T, likiongozwa na Adam Phillippy na Karen Miga, liliepuka suala la nusu mbili kwa kuchagua seli za CHM13. Seli hizo zilitokana na mimba zabibu: yai lisilo na DNA ya mama lilirutubishwa, kisha seti ya kromosomu za mbegu ikajinakili. Nusu zote mbili ni moja. Walisoma vipande vya HiFi, njia ya kampuni ya PacBio, vya herufi 10,000 hadi 20,000 vyenye usahihi wa asilimia 99.9 kwa kina cha mara 30, na vipande virefu mno vya Oxford Nanopore, ambayo hupitisha DNA kwenye matundu madogo mno, vingine zaidi ya herufi milioni moja, kwa kina cha mara 120. Kipande cha HiFi kinaweza kuona ile herufi moja inayotofautisha fungu na fungu. Cha Nanopore kinavuka mafungu mengi kwa pamoja na kusema mpangilio. Ukikosa kimojawapo hufiki.

Kromosomu X ilikamilika 2020, kromosomu 8 ikafuata 2021, na makala ya jenomu nzima ikatoka 2022 ikiwa na herufi 3,054,815,472 bila kuhesabu mitokondria. Karibu milioni 200 kati ya hizo hazikuwemo awali. CHM13 haina Y, kwa hiyo Y ilichukuliwa kwa mtu mwingine na kuchapishwa Agosti 2023: herufi 62,460,029, zaidi ya milioni 30 zikiwa mpya. Mtu anayekuambia kazi yote iliisha 2022 ameisahau Y. Na hata hapo, katika baadhi ya kromosomu, safu za RNA ya ribosomu zilijazwa kwa makadirio ya idadi na aina ya nakala, kwa sababu nakala zimefanana kupita kiasi.

Mtafiti wa Kenya anapaswa kujali, na mfano mzuri uko Kilifi. Kwenye kromosomu 4 kuna jeni tatu za glaikoforini, protini za juu ya chembe nyekundu za damu: GYPA, GYPB na GYPE, zilizokaa ndani ya maeneo matatu ya herufi kama 120,000 kila moja, yanayofanana kwa zaidi ya asilimia 95. Kwa baadhi ya watu wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Kilifi, eneo hilo limejipanga upya na kuzaa jeni mseto la GYPB na GYPA, linalojulikana hospitalini kama kundi la damu la Dantu. Utafiti wa 2017 ulikadiria kwamba mpangilio huo hupunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40 hivi, na kazi iliyofuata mwaka 2020 ilionyesha kwamba utando wa chembe nyekundu huwa umekazika zaidi, vimelea vya malaria vya falciparum vikashindwa kupenya. Peleka sampuli hiyo kwenye mashine ya herufi 150, ulinganishe na jenomu rejea isiyo na mpangilio huo, na utaona kina cha usomaji kikipanda na kushuka bila maelezo. Wataalamu waliupata mpangilio huo kwa kuchambua kina hicho kwa uangalifu mkubwa. Kipande kimoja cha herufi 200,000 kingeuonyesha wazi.

Vivyo hivyo kwa talasemia ya alfa, ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea Pwani. Jeni HBA1 na HBA2 hutengeneza protini ileile na zinakaribia kuwa pacha, na aina ya kawaida ni kufutika kwa herufi 3,700 kati yao. Vipande vifupi huteleza kutoka moja kwenda nyingine. Lakini selimundu, badiliko la herufi moja kwenye HBB, husomwa vizuri na mashine yoyote. Ikiwa swali lako ni selimundu, usinunue hata hiyo mara 30. Kipimo cha jeni moja kinatosha.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Inaanzia kwenye bomba la damu, na mara nyingi huharibikia hapohapo.

Chukua damu kwenye kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kifuniko cha zambarau. Usitumie heparini, huzuia vimeng'enya. Seli moja ina pikogramu 6.6 za DNA, na maandalizi ya vipande virefu mno hutaka seli milioni 6, yaani mikrogramu 40 hivi kabla ya hasara. Kwa vitabu vingi mililita moja ya damu ina seli nyeupe milioni 4 hadi 11, kwa hiyo utadhani mililita 2 zinatosha. Hapa kwetu usipige hesabu hiyo kabla ya kuona hesabu ya damu ya mchangiaji: watu wengi wa Afrika hawana kipokezi cha Duffy kwenye chembe nyekundu, na hali hiyo huenda pamoja na neutrofili, aina ya seli nyeupe, chache bila ugonjwa wowote. Panga mililita 10, na damu ikae kwenye nyuzi 4 isipite siku mbili tatu kabla ya kutoa DNA.

Ikiwa damu inachukuliwa Kikuyu na maabara iko Kabete, safirisha damu, kamwe usisafirishe DNA iliyokwisha kutolewa. Ndani ya seli DNA imefungwa na kulindwa. Ikishatolewa, mtikisiko wa barabara unatosha kuikata. Funga kichupa na pakiti za baridi, lakini kisigusane na barafu, kwa sababu seli zinazoganda hupasuka na vimeng'enya vyake huanza kula DNA.

Ndani ya maabara, kila tabia njema uliyofundishwa kuhusu kuchanganya vizuri iweke kando. Hakuna mashine ya kutikisa. Hakuna kuvuta na kusukuma haraka kwa pipeti. Tumia ncha zenye mdomo mpana na uvute polepole kiasi kwamba unaona kimiminika kikipanda. DNA iliyotoka vizuri hunata: ukiinua ncha, inafuata kama uzi, na tone halitaki kukatika. Iache iyeyuke yenyewe kwenye joto la chumba usiku kucha, na mara nyingi siku mbili. Kisha pima wingi wa DNA kwa mashine ya Qubit mahali patatu, juu, katikati na chini ya kichupa. Vipimo vikitofautiana sana, bado haijayeyuka, subiri, usiitikise. Kwenye Nanodrop, mashine ya kupima usafi, uwiano wa 260/280 uwe karibu 1.8 na wa 260/230 uwe 2.0 au zaidi. Ule wa pili ukishuka, kuna fenoli au chumvi iliyobaki, na matundu ya Nanopore yatakufa ndani ya saa chache. Hifadhi kwenye friji ya nyuzi 4. Ukiigandisha na kuiyeyusha umeikatakata mwenyewe.

Sampuli hiyo igawe njia mbili. Kwa HiFi unaikata kwa makusudi hadi herufi 15,000 hadi 20,000, na kibao kimoja cha kusomea cha Revio, mashine ya HiFi, hutoa herufi bilioni 90 hivi, takriban mara 30, nunua viwili. Kwa Nanopore huikati kabisa. Lengo ni mara 30 za vipande vinavyopita herufi 100,000. Ikiwa nusu ya herufi zako ziko kwenye vipande vya urefu huo, itabidi usome bilioni 186 kupata bilioni 93 zinazofaa, na kwa kibao cha PromethION, mashine kubwa ya Nanopore, kinachotoa bilioni 50 hadi 100 kwa kazi ya namna hii, weka bajeti ya vibao vitatu. Vipande virefu huziba matundu, kwa hiyo kila baada ya saa 24 osha kibao kwa kimeng'enya na upakie upya, mara tatu kwa jumla. Hesabu matundu siku vibao vinapofika, kabla hujatia saini kwamba umevipokea salama: PromethION iwe na 5,000 au zaidi, na cha MinION, mashine ndogo, 800. Vibao vilivyokaa na joto kwenye ghala la uwanja wa ndege hufika vimepungua, na madai yako kwa muuzaji yana muda wake.

Kutenganisha nusu ya baba na ya mama, njia bora ni kusoma wazazi wote wawili kwa vipande vifupi, mara 30 kila mmoja. Hapo ndipo ile bei uliyopewa ina faida. Wazazi wakiwa hawapo, tumia Hi-C, njia inayoonyesha sehemu zipi za DNA hukaa karibu ndani ya seli, kwa seli zilezile za mchangiaji, ingawa itakosea zaidi karibu na sentromia.

Kwenye kompyuta, programu za kuunganisha vipande, hifiasm na Verkko, ndizo zinazotumika. Usitarajie kuziendesha kwenye laptopu: zinataka kumbukumbu ya gigabaiti mia moja na zaidi, na ishara ghafi za kibao kimoja cha PromethION zinaweza kujaza terabaiti moja. Panga diski kabla ya kupanga damu, na uwe na UPS. Umeme ukikatika saa ya 40 ya usomaji, kibao kinaendelea kuchakaa wakati wewe huandiki chochote.

Matokeo yakija, usifurahie urefu wa vipande vilivyounganika kabla ya kuvikagua. Kwanza, kila kromosomu iwe na TTAGGG, herufi za telomia, ikijirudia kwenye ncha zote mbili. Pili, rudisha vipande vyote juu ya jenomu uliyounda na uangalie kina. Ikiwa wastani ni 30 na mahali pamoja pana 90, kuna nakala tatu zilizobebanishwa zikawa moja. Kina kikishuka hadi karibu na sifuri kwa HiFi na kwa Nanopore pia, kiungo hicho ni cha kubuni, kikate. Tatu, endesha programu ya Merqury kwa vipande vifupi ili upate kiwango cha makosa. CHM13 ilifikia chini ya kosa 1 kwa herufi milioni 10, nawe ukifika kosa 1 kwa laki chache umefanya kazi ya kuheshimika. Maeneo ya RNA ya ribosomu yaache yakiwa yamewekewa alama. Kuyajaza ili ripoti ionekane imekamilika ni kumdanganya atakayeitumia baada yako.

CHM13 ina asili ya Ulaya kwa sehemu kubwa, na hiyo ndiyo sababu mpango wenu una thamani. Utafiti wa 2019 wa watu 910 wenye asili ya Afrika ulipata herufi milioni 296.5 ambazo hazimo kwenye jenomu rejea. Sampuli za Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa zimo katika makusanyo ya kimataifa, lakini jamii mbili haziwezi kusimama badala ya nchi nzima. Rasimu ya jenomu ya pamoja iliyotoka Mei 2023 ilikuwa na watu 47 tu wa dunia nzima.

Kibali cha maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, viombwe kabla ya sindano ya kwanza. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ya jenetiki ni data nyeti, na jenomu kamili haiwezi kufichwa jina: ndugu akipimwa kwingine, mchangiaji anatambulika. Wazazi mnaowasoma ili kutenganisha nusu mbili ni wachangiaji kamili. Kila mmoja atie saini yake, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na aulizwe peke yake kama anataka kujua iwapo usomaji utaonyesha kwamba mtoto si wa baba aliyeandikwa. Swali hilo liwe kwenye fomu tangu siku ya kwanza, kwa sababu programu ya kutenganisha nusu itatoa jibu hata kama hakuna aliyeuliza.